Programu ya Bure na Picha za Raya

Jumatatu, 3 Februari

Nimemaliza kusafisha picha sitini za harusi ya Raya. Zimebaki mia tatu na kitu. Mgongo unauma.

Programu hii mpya inafanya yote yaliyofanywa na ya zamani, ila kila kitu kimewekwa kwingine, kama jikoni kwa mtu. Rangi yangu ya asali sijaipata. Programu ya zamani niliielekeza mara moja tu, na kila picha iliyoingia ikapakwa asali yenyewe kabla sijaigusa. Hapa nahangaika kwa mkono na ngozi za maharusi zinatoka kijivu, utadhani wana homa.

Mwikali anasema nitazoea. Yeye ndiye aliyeniwekea, kwenye kompyuta hii niliyonunua mwezi uliopita. Kazi yake ni ofisi ya makasha ya meli kule Mbaraki. Mambo ya kompyuta ni ya jioni na mwisho wa wiki. Ile ya zamani ilikuwa ya kulipia kila mwezi, na kila mwaka walipandisha. Nilichoka. Hii ni bure. Bure kabisa, hata jina hawakuniuliza.

Hilo ndilo linalonikera. Nani atengeneze kitu kizuri hivi kisha akigawe? Rahisi huvunja upishi.

Jumatano, 5 Februari

Leo nimechomoa intaneti kuijaribu, nione kama inapeleka picha nje. Ikaendelea na kazi kama kawaida. Sijaridhika.

Mwikali alinieleza kwamba wanaitengeneza watu wengi, kwa kupenda tu, na kwamba yeyote anaweza kuona ndani ilivyoundwa. Yeyote! Alilitaja kama sifa. Picha zangu mimi ni za kupamba, usiku wa kumwonyesha bibi harusi. Ukumbi wa wanawake peke yao, hakuna simu, hakuna mwanamume hata wa kubeba viti. Nywele wazi, mabega wazi, na kamera moja tu, yangu. Miaka kumi na moja sasa. Hawaniiti kwa sababu napiga vizuri. Hapa Mji wa Kale wako wanaonishinda. Wananiita kwa sababu hakuna picha iliyowahi kutoka kwangu.

Ijumaa, 7 Februari

Imetoka.

Bi Nuru, mamake Raya, amekuja baada ya sala. Hakukaa. Alinishikia simu mbele ya uso kwa sekunde mbili. Raya kwenye kiti cha maharusi, nywele zimeachiliwa. Imefika kwenye simu ya nduguye mume. Yeye aliipata kwa rafiki, na rafiki kwa rafiki. Mume hajasema na Raya tangu jana.

"Zulfa, mwanangu alivua buibui mbele yako kwa amana," akaniambia. "Hii yatoka wapi?"

Nikasema ni programu. Nikasema kuna binti wa bara, Mwikali, aliyeniwekea kitu cha bure na sikujua kilichomo. Maneno yalitoka yenyewe. Bi Nuru akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa akilingoja jawabu hilo hilo. Nikaona nafuu. Nayaandika hayo kwa kuwa ni kweli.

Jumamosi, 8 Februari

Sijala. Nimekuwa nikihesabu. Mwikali alikaa kwenye kiti changu saa tatu nzima. Alikuja na diski yake mfukoni. Mara mbili nilikwenda kupika chai nikamwacha peke yake. Na alipomaliza hakutaka malipo, alitaka leso ya kujifunga tu. Nani asiyetaka malipo? Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimempigia. Hata salamu sikumpa.

"Dada Zulfa," akasema, "picha zako sikufungua hata moja. Uliniambia nisifungue."

Nikakata. Mwongo angesema hivyo hivyo. Na asiye mwongo pia, lakini huyo leo sikutaka kumfikiria.

Jumatatu, 10 Februari

Maneno yamefika Biashara Street. Kuna duka la leso ambalo Mwikali huwatengenezea kompyuta. Wamemwambia asirudi. Mwenye duka amenieleza kwa furaha, kama anayenifanyia wema. Nimenunua leso nisiyoihitaji nikatoka.

Jumanne, 11 Februari

Nimekwenda kwa Bi Nuru kuiangalia ile picha vizuri. Nilitaka kujua ni ipi kati ya nilizosafisha, nimbane Mwikali kwa ushahidi. Bi Nuru hakuiachia simu. Nilitazama akiwa ameishika.

Ni asali.

Ngozi ya Raya, mashavu, mabega, yote asali. Kwenye programu hii mpya picha hiyo sijaifikia, bado ni mbichi kama ilivyotoka kwenye kamera. Iliyoipaka rangi hiyo ni moja tu, ya zamani, nilikoziingiza picha zake kwanza. Nikasema ahsante nikashuka ngazi.

Kompyuta ya zamani nilimuuzia fundi wa Mwembe Tayari, karibu na steji ya mabasi. Nilifuta folda zote kwa mkono wangu. Mwikali alitaka kuipangusa yeye kabla sijaiuza, isibaki hata chembe. Nilikataa. Sikutaka mtu wa bara aone nywele za watoto wa watu. Sikumwambia kwa maneno hayo, lakini alielewa, nilimwona usoni.

Jumatano, 12 Februari

Fundi bado anayo. Aliifungua mbele yangu. Kumbe ile programu ya kulipia huweka nakala ndogo ya kila picha ili ifunguke haraka, kwenye folda yake yenyewe. Nilifuta picha. Nakala zilibaki. Maharusi wa miaka minne.

Fundi anasema hakuona kitu. Alisema akiangalia bisibisi yake. Simwamini hata kidogo, lakini aliyempelekea kompyuta ni mimi. Nimeinunua tena bila kubishana.

Naona aibu, na zaidi ya aibu naogopa. Hakuna ajuaye ila mimi. Bi Nuru ana jawabu lake tayari. Mwikali hana watu hapa wa kumtetea. Nikinyamaza itapita, na kabla ya Ramadhani nina harusi tano.

Alhamisi, 13 Februari

Baadhi ya dhana ni dhambi. Nilisomeshwa hilo kwenye chuo cha Kurani ningali mdogo.

Nimekwenda kwa Bi Nuru mapema, nisijipe nafasi ya kurudi nyuma. Nimesema yote, na la kumzuia Mwikali kuipangusa pia nimelisema. Hakupiga kelele. Alikaa kitako akanitazama.

"Bora ingalikuwa ni yeye," akasema.

Kisha akasema atawaambia wenye zile harusi tano. Nikamwambia ni haki yao.

Kutoka hapo nikaenda dukani Biashara Street. Safari hii mwenye duka hakufurahi. Mwisho Mbaraki. Nilisimama nje ya geti mpaka saa kumi na moja walipotoka, nikamwomba Mwikali radhi mbele ya wenzake, maana nilimchafua mbele ya watu. Hakusema amenisamehe. Alisema nisiiwashe ile kompyuta ya zamani, atakuja Jumamosi aipanguse.

Jumapili, 16 Februari

Wenye harusi nne wamevunja miadi. Wenye ya tano hawajapiga simu, na siwategemei.

Mwikali alikuja jana kama alivyosema. Nilimwacha peke yake chumbani na picha zote. Alimaliza, akanionyesha, akaenda zake.

Leo alasiri amekuja Raya, peke yake. Mume sasa anasema naye, si sana. Ametaka kuona picha zake zote. Akafungua mtandio kwa joto, akatazama moja moja, hadi ile iliyotoka. Hapo alikawia.

"Nalikuwa mzuri," akasema. Kisha akasema nifute zote.

Nikamuuliza hata za mikono, za hina? Zote. Nikafuta. Programu hii nayo ina nakala zake, Mwikali amenionyesha zinapokaa, nikafuta na hizo. Kadi ya kamera. Diski. Raya alisimama nyuma yangu akifuata kila hatua mpaka hapakuwa na kitu.

Akajifunga mtandio wake taratibu.

"Na wewe, Zulfa? Wewe wanikumbuka nilivyokuwa?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi. Mmoja atosha."

Nikamsindikiza mpaka chini, nikarudi kufunga madirisha.