Ndoo ya Divai ya Mzee Ruwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, Kisauni, Mombasa, Jumatano tarehe 26 Februari 2025, saa tatu asubuhi.

Jina: Mwanarehema Boga
Umri: Miaka 66
Kazi: Kutengeneza na kuuza achari
Makazi: Mishomoroni
Kuhusu: Ruwa Kai, miaka 71, aliyeko seli kwa kushukiwa kutengeneza pombe haramu

Mimi ndiye Mwanarehema niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Koplo anayeniandika nimemwomba asinikate kauli, maana mimi husema taratibu, na jambo hili lataka kusemwa taratibu.

Mzee Ruwa ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Namjua tangu marehemu mume wangu, Sharif, yu hai. Mzee Ruwa alikuwa mgema. Nyuma ya nyumba yetu pana minazi minne, na mume wangu alimpa mmoja augeme kwa sharti moja: tembo alinywe na wenziwe huko huko, sisi atuletee siki. Kwa asiyejua, tembo likiachwa likachacha mpaka mwisho huwa siki, na ikishageuka yenyewe sisi twaila. Basi kila mwezi wa Shaabani aliniletea dumu moja la siki nitie achari za Ramadhani. Watu walikuwa wakivuka feri kutoka Likoni kufuata achari zangu, na si kwa uzuri wangu, ni kwa siki ile.

Miaka mitatu iliyopita alianguka kutoka mnazi huo huo akavunjika nyonga. Sikumpandisha mimi, lakini mnazi ni wangu, na kila nikiutazama moyo huniuma. Siku hizi hutembea kwa mkongojo. Mkewe, Dama, alikwisha tangulia mbele ya haki. Akawa ni mtu wa kukaa kibarazani na kutazama ncha za minazi, hata sahani ya wali nikimpelekea nairudia vile vile, haijaguswa. Mimi nikawa nanunua siki ya dukani, ambayo ni maji yaliyokasirika tu.

Krismasi iliyopita binti yake Linda, aliyeolewa Ujerumani, alikuja kumwona. Akamletea boksi la watu wanaoanza kujitengenezea divai nyumbani. Ndani mlikuwa na ndoo kubwa nyeupe yenye kifuniko, mfuko wa maji ya zabibu mazito kama asali, hamira, dawa ya kuoshea vyombo, na kidude cha plastiki kilichopinda. Kidude hicho huchomekwa juu ya kifuniko kikatiwa maji kidogo, divai ikawa inapumua bila ya hewa ya nje kuingia. Linda akamwambia, "Baba, sasa utagema bila kupanda." Mzee akacheka. Wallahi, cheko lile sikuwa nimelisikia tangu aanguke.

Mnamo Jumamosi tarehe 4 Januari, mwendo wa saa nne asubuhi, baba na mwana walianza kazi barazani. Nami nilikuwa upande wangu nakata ndimu, nikawa naona kila kitu. Waliosha ndoo, wakamimina maji ya zabibu, wakaongeza maji ya kuchemsha yaliyopoa, wakanyunyiza hamira, wakafunika. Linda akamwambia mara nyingi, "Baba, ukishafunika usifunue mpaka nikwambie." Kesho yake akapanda ndege. Jumatatu ile ndoo ikaanza kusema bluku, bluku, nasi tukaisikia ukutani. Mzee akanigongea, akaniita kwa jina la mwanangu: "Mama Swabra, wamsikia mwanangu?" Nikamwambia namsikia, na mimi pombe si mambo yangu, lakini hongera.

Sasa ndipo nifikie kosa lenyewe. Mgema huuendea mnazi wake asubuhi na jioni. Asipouendea, mnazi husita kutoa. Huyu mzee amefanya hivyo tangu ujana wake. Basi kila asubuhi na kila jioni alinyoa ndevu, akafunga kotama yake kiunoni, kile kisu chake cha kugemea, akaenda kuifunua ndoo. Nikamuuliza, "Ndoo iko chini sakafuni, kisu cha nini?" Akanijibu, "Mgema haendi kazini mikono mitupu." Na si kufunua tu. Alichovya kata yake ya zamani, ile ya kifuu aliyonywea tembo miaka yote, akaonja, akatikisa kichwa kama hakimu, akafunika.

Linda akipiga simu humuuliza, "Baba, hujafunua?" Naye hujibu, "Siwezi kumtelekeza mwanangu mwezi mzima bila kumjulia hali." Mimi nilimwambia pia amsikize mtoto. Akaniambia mnazi hakuna aliyemfunza, itakuwa ndoo? Lakini alikuwa anakula. Sahani zikawa zarudi tupu, na safari moja akaniomba ukoko. Nikaacha kumsema. Afunue atakavyo, bora ale.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakungoja kusifiwa, alijisifu mwenyewe. Kwa kinyozi, dukani, mpaka kwa mafundi wa pikipiki, alitangaza kuwa Ruwa amerudi kazini. Ndiyo maana sikushangaa habari zilipowafikia ninyi.

Jana, Jumanne tarehe 25 Februari, saa kumi alasiri, walikuja askari wawili. Nilikuwa mlangoni pangu, hatua chache tu. Mmoja akauliza, "Mzee, hii ni nini?" Badala ya kusema chochote cha kumfaa, alisimama wima bila mkongojo, akasema, "Ni divai. Nimeitengeneza mimi, Ruwa wa Kai, mgema." Askari akauliza kama ni kali. Akajibu, "Kali? Ukinywa utamsahau mamako." Lahaula! Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake.

Hapo askari akafunua kifuniko, na harufu ikanijia puani. Mwanangu, mimi harufu ile naijua kuliko ya watoto wangu. Nikasogea nikachungulia, nikaona na utando juu, ule laini tunaouita mama wa siki. Ile si divai. Huenda iliwahi kuwa divai kwa siku chache, lakini kwa hewa na kwa kata ile imegeuka yote. Ile ni siki.

Ningesema pale pale asingechukuliwa. Sikusema. Nilimtazama uso, alivyokuwa ameinua kidevu, majirani wote wanamtazama, na mafundi wa pikipiki wanapiga kelele "Mgema! Mgema!" Niliona nikilitaja neno siki mbele ya watu nitamwangusha mara ya pili. Akapanda gari lenu kama bwana harusi. Mimi nikarudi ndani nikalia.

Leo nimekuja kwa sababu mzee wa nyonga mbovu hawezi kulala juu ya saruji. Msiniamini kwa maneno matupu. Nimekuja na embe bichi na chumvi kwenye kanga yangu. Ndoo imeletwa mbele yetu, koplo amechovya kipande cha embe akala. Amekunja uso, amefumba jicho moja, kisha ameomba kipande cha pili. Nami nimeonja. Ni siki ya zabibu, na mara ya mwisho nilipopata siki nzuri hivi aliileta yeye huyo huyo.

Nina maombi mawili. La kwanza, mumwachilie na ndoo msiimwage, maana Ramadhani iko mlangoni na maembe yangu yamekwisha katwa. La pili, maelezo haya asisomewe. Mwambieni tu kwamba hakuna kesi. Habari ya siki nitajua mimi jinsi ya kumwambia, polepole, na sahani mkononi.

Niliyoyaona na kuyanusa ni hayo, na hapa ndipo maelezo yangu yanapoishia. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: Mwanarehema Boga

MAELEZO YA AFISA: Mimi, Koplo Eddah Munga, nimeyaandika haya kama shahidi alivyoyatamka. Kielelezo, ndoo moja nyeupe, nimekionja na kuthibitisha kuwa ni siki. Kwa idhini ya mkuu wa kituo, mshukiwa ameachiliwa saa tano na nusu asubuhi bila mashtaka. Ndoo amekabidhiwa shahidi.

Sikumsomea mshukiwa maelezo, kama nilivyoombwa. Nilipomfungulia seli nilimwambia hakuna kesi. Aliuliza mwenyewe, "Mama Swabra ameshawaambia ni siki?" Nilimuuliza amejuaje. Alijibu, "Nilijua tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nangoja Ijumaa nimpelekee." Nilimuuliza kwa nini hakusema jana, akalala kwake. Alisema, "Binti yangu, miaka mitatu hakuna aliyenidhania kitu. Ninyi mmekuja na gari, nikaitwa mgema mbele ya watu. Ningekataaje?"