Pinki Isiyo na Dawa

Mngeta, Kilombero
Jumapili ya nne ya Kwaresima, 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kamwene, kamwene sana. Habari za magoti yako na baridi ya huko Makambako? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Sisi huku joto linatupika na mbu wanatula, lakini tunapumua na uji tunakunywa. Mkweo Theodora ni mzima. Mjukuu wako Jeni ameota meno manne na anayatumia kuning'ata mimi tu, sijui nilimkosea nini.

Mama, najua anayekusomea barua hii ni Kaka Zakaria, kwa kuwa ndiye anayekusomea zote. Ningeweza kumwomba katekista akusomee, lakini maneno yaliyomo ni ya nyumbani na sikutaka yatoke nje kabla hayajapita ndani. Kwa hiyo Kaka, soma. Soma polepole kama ulivyonifundisha. Mama Anyesi muuza samaki, aliyeileta barua kwa treni, nimemwomba akae hapo mpaka iishe. Naye hajui kusoma, ila nimemwonyesha kwamba kurasa ni nne, na kuhesabu anajua kuliko sisi sote.

Mama Anyesi amekupa pia kifundo cha kitambaa. Usikifungue bado, Mama. Kishike tu mkononi, na umwambie mtu akuletee bakuli jeupe la maji. Nitakuambia wakati wake.

Sasa habari. Unajua huku nilikooa ni nchi ya mpunga. Wananiita Mbena wa ugali, kwa sababu nakula wali sahani mbili halafu nauliza chakula kiko wapi. Baba mkwe alipoona nahangaika, akanigawia kipande chake cha mwinuko, mahali ambapo mafuriko hayafiki, akasema, "Haya, tuonyeshe hayo mahindi yenu." Mwaka wa kwanza nilipanda mbegu ya kuokoteza, nikavuna ya kuokoteza. Ndipo nikamwandikia Kaka anitafutie mbegu bora huko kwetu, ile ya dukani, yenye rangi.

Hapo nikajifanya mwalimu. Majirani zangu mbegu iliyotiwa dawa walikuwa hawaijui. Mpunga wao wanautoa ghalani wanaurudisha shambani, basi. Nikawaeleza kama bwana shamba alivyonieleza mimi: dawa yenyewe ukiipaka kwenye punje haionekani vizuri, kwa hiyo wenye kiwanda wanaichanganya na pinki ili kila anayeiona ajue hiki si chakula. Bwana shamba anasema hata kwenye upinde wa mvua pinki haimo, na hakuna nafaka tunayopika yenye rangi ile, ndiyo maana inafaa kuonya watu. Ni nyekundu iliyochanganywa na nyeupe, anasema, lakini jicho linaiona kama kitu kipya. Baba mkwe alicheka. Akasema kwao hiyo ni nyekundu tu, nyekundu iliyofuliwa mara nyingi. Nikakukumbuka wewe Mama, ambaye mpaka leo una rangi tatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, na gauni la kipaimara la Dada Veronika lilikuwa pinki kabisa ukalisifia wekundu wake kanisa zima likasikia.

Basi nikawaambia majirani neno ninalolijutia. Nilisema, "Mkiiona pinki msiulize. Hiyo ni mbegu." Nyumba saba zilikubali, ya baba mkwe ikiwa ya kwanza. Wakatoa mpunga wao uwe malipo, tukaupakia kwenye treni kwenda kwa Kaka, na Kaka akaleta magunia mawili kwa mkono wa Mama Anyesi. Tulipoyafungua, pinki tupu. Watu walipiga makofi na mimi nikavimba kichwa, nisikudanganye.

Siku ile Mama Anyesi alinitania akisema, "Nimemwona mama yako. Mikono pinki mpaka kwenye viwiko, utadhani bibi harusi." Nikacheka. Nilijua unapaka rangi nyasi za vikapu vyako kama kawaida, nikamwambia, "Huyo mama hazeeki." Ndivyo nilivyosema.

Tulipanda mvua iliposhika. Nusu haikuota. Iliyoota, mche mmoja ulikuwa mrefu kunipita, wa jirani yake unanifika gotini na tayari umechanua. Nililaumu mvua, nikalaumu mchwa, nikalaumu hata udongo wa baba mkwe, Mungu anisamehe. Kaka sikumlaumu hata kidogo. Ningeanzaje?

Bwana shamba alipokuja akaomba aone mbegu iliyobaki. Akaimwaga kiganjani, akapasua punje moja kwa ukucha. Ndani mlikuwa na fukusi mzima, anatembea. Akaninyooshea kiganja. "Klaudi," akasema, "mdudu anaishije ndani ya dawa?" Akanusa, hakuna harufu. Akatia punje kidogo kwenye kikombe cha maji na rangi ikatoka yote kwa mara moja, punje zikabaki nyeupe, safi kwa kusaga. "Haya ni mahindi ya kula," akasema. "Yamepakwa rangi ya vikapu."

Mama, nilikaa chini palepale kwenye matuta. Niliiona mikono yako.

Wewe sikulaumu. Sijui Kaka alikuambia ni ya nini, na najua mwanao akisema nisaidie huulizi, unakunja mikono ya gauni unaanza. Lakini yeye alijua. Alijua yanakwenda kwa nani, alijua nakaa kwa watu, shamba si langu na jina langu ndilo kitu pekee nilichokuja nacho huku. Akachukua mikono ya mama yetu akaitumia kunidanganya. Nimeumia, Mama. Mtu wa dukani angenifanyia hivi ningemtukana nikasahau.

Ningeweza kuimeza aibu hiyo, kwa kuwa shamba likiharibika mwaka huu mwakani lipo. Lakini neno lilienea kwamba pinki ni rangi ya vikapu tu. Mwezi huu ghala za watu ni tupu na mpunga bado mashambani. Watu wakaiosha mbegu yetu iliyobaki, wakapika makande, wakala, hawakuumwa hata tumbo. Ikawa utani wa kijiji kwamba pinki ya Klaudi ni tamu. Mimi mwenyewe nilicheka nao, nikiona heri wacheke kuliko wanune.

Bwana shamba akatuhurumia, akatuletea mbegu ya kweli kidogo ili tupande tena maji yakianza kushuka. Juzi asubuhi nilikuwa napita nyuma ya nyumba ya wakwe zangu nikaona maji ya pinki yamemwagwa kwenye majani, yananuka dawa mpaka puani. Jikoni moshi unatoka.

Mama, unajua mimi na mama mkwe hatutazamani. Nikimwona njiani mimi ndiye ninayepinda vichakani, na salamu tunapeana kwa kupitia kwa Theodora. Mwanamume kuingia jikoni kwa mama mkwe wake huku si jambo la kufanyika, hata nyumba ikiungua atamwita mwingine. Niliingia. Nikakipiga chungu teke, makande yakaenda majivuni. Yeye akajifunika uso kwa khanga na kukaa vile vile alivyokuwa. Kisha akasema toka ndani ya khanga, "Baba, kwani si ile rangi ya vikapu?" Jeni alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni yake, kijiko mkononi, anasubiri kulishwa mchuzi.

Hicho ndicho Kaka alichonifanyia. Onyo ambalo watu wa kiwanda waliliweka hata asiyejua kusoma alione, yeye kaligeuza mzaha, na sasa hapa Mngeta mtu akiona pinki anatafuta sufuria.

Baba mkwe aliniita jioni ile mbele ya wazee wawili. Hakupandisha sauti. Alisema, "Jikoni uliingia kwa sababu, hilo tumelimaliza. Lakini wewe ukituambia pinki hii inaua, nani atakuamini? Ulituambia tusiulize. Aje aliyeileta. Asimame mbele ya nyumba zote saba, aseme kwa mdomo wake kwamba ile yake ilikuwa ya uongo na hii ya sasa ni ya kweli." Nikasema nitamwandikia alete barua ya kuomba radhi. Akatikisa kichwa. "Radhi haitumwi kwa bahasha. Mtu huja na miguu yake. Asipokuja mpaka mavuno ya mpunga, shamba langu utaniachia."

Leo padre wetu alivaa kasula ya rangi ya waridi, pinki kabisa, ile ya Jumapili ya furaha katikati ya Kwaresima. Mtu wa benchi la nyuma akanong'ona, "Aioshe tuone," na benchi zima likacheka. Mimi nilitazama sakafu mpaka misa ikaisha, kisha nikaja nyumbani kuandika.

Nisalimie Dada Veronika na mapacha wake. Msalimie mjomba wa kinuni, mwambie kisu alichonipa bado kinakata. Msalimie shemeji, mke wa Kaka, ambaye najua hana kosa na ndiye anayekutazama magoti usiku yakiuma. Baba mkwe anakuamkia. Mama mkwe naye anakusalimu. Alimtuma Theodora aniambie nisisahau kuandika hilo, na kwamba chungu kingine ameshanunua.

Sasa Mama, fungua kifundo. Ni punje kumi, zilizobaki za yale magunia ya Kaka. Zitie kwenye bakuli, usizikoroge. Rangi inayotoka hapo huhitaji mtu wa kukusomea. Ni ya kopo lako la vikapu.

Na wewe Kaka. Baba alipofariki ulinipakata kwenye kile kigoda chenye mguu mfupi ukanishika mkono mpaka herufi ya kwanza ikatoka. Kila neno uliloshika hapo limeandikwa kwa mkono huo. Ndiyo maana nimekuletea wewe usome, sikumpelekea katekista. Kama umeyasoma yote kwa sauti, panda treni. Nitakuwa stesheni, mzigo wako nitaubeba mimi, na mbele ya zile nyumba saba nitasimama upande wako ukiwa unasema. Kama kuna mahali uliruka, basi usirudi nyuma kusoma. Inua macho umtazame Mama, anaangalia maji.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako,
Klaudi