Bahasha Iliyofungwa kwa Wali

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naamini mdogo wangu Tekla anakusomea haya mkiwa barazani, na kwamba macho yako hayajazidi kufifia tangu tulipozungumza. Je, maji ya mto yameshafika kwenye majaruba? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisumbua, na sababu yake ni ile bahasha.

Siku ile nilikueleza kwa haraka, nikakata simu bila adabu. Niruhusu sasa nieleze kwa utaratibu. Mitihani miwili niliyoifanya Dar es Salaam kabla ya kusafiri ilikuwa na kazi moja: kukithibitishia chuo cha huku Marekani kwamba Biolojia na Takwimu nazijua tayari, ili nihesabiwe krediti zake, yaani sehemu yake ya shahada, bila kukaa tena darasani. Kwa krediti hizo ningemaliza mapema, nikawa hapo nyumbani Kivukoni kabla ya mavuno, tukajenga msalaba kwenye kaburi la Mama, kwa kuwa ulisema hautajengwa mwanao wa kwanza asipokuwepo.

Mliponitumia bahasha ya matokeo iliyofika kwenu, niliipeleka ofisi ya usajili nikiwa na furaha. Mama mmoja wa makamo aliipokea, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, kisha akakwangua kitu kwa ukucha.

"Hii imefunguliwa," akasema. "Na hiki ni nini?"

Ilikuwa punje ya wali, Baba, imekauka.

"Ni wali."

"Nani aliifungua?"

"Baba yangu."

"Kwa nini afungue bahasha ya chuo?"

Akanirudishia bahasha. Matokeo yaliyofunguliwa njiani hayapokelewi. Alinielekeza niombe nakala nyingine, itumwe moja kwa moja chuoni. Niliiomba siku hiyohiyo. Ilifika siku nne baada ya usajili kufungwa, nikiwa nimeshaandikishwa kuyasoma masomo yaleyale, na uamuzi huo haubadilishwi.

Nilipokupigia ulisema, "Mwanangu, habari njema inasomwa mbele ya watu. Ningeificha, jumuiya wangesema umefeli." Tekla akadakia, "Dada, tuliifunga vizuri, tena kwa wali wa Ifakara, hata posta hawakugundua!" Mkacheka. Hapo ndipo nilipokata simu.

Kwa majuma mawili niliamini kwamba kosa ni lenu. Sasa sina hakika. Mimi ndiye niliyeacha anwani ya parokia, na ingawa nilikuwa nimesoma masharti yote, sikukuambia neno kuhusu bahasha kutofunguliwa. Labda nilidhani kila mtu anajua. Labda niliona haya kukukataza kufungua kitu ndani ya nyumba yako. Lakini onyo liliandikwa juu ya bahasha, Baba, na Tekla Kiingereza anakisoma. Nikifika hapo, hasira hurudi.

Kwa hiyo nakaa na vijana waliomaliza shule juzi, nikifundishwa sehemu za seli ambazo mimi mwenyewe nilizifundisha sekondari hapo Ifakara. Jana mwalimu aliuliza swali. Nikanyoosha mkono, kisha nikaushusha.

Sitafika kabla ya mavuno. Msinisubiri. Mjengeeni Mama msalaba wake udongo ukishakauka. Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili kabla ya kuiacha ibaki.

Nisalimie shangazi anayeuza samaki karibu na daraja, na mdogo wangu Boni aliyebaki na shamba. Nisalimie pia mwalimu wa kwaya aliyesoma matokeo yangu. Tekla anasema alizirudia alama za Takwimu, na kina mama wakapiga vigelegele. Huku yule mama wa usajili hakuzitazama hata alama zenyewe.

Barua hii haina masharti. Isomwe kwenye jumuiya, yote, hata palipo na hasira. Humu ndani nimeweka ile karatasi ya matokeo ambayo chuo kiliikataa. Siku ya msalaba, msomeeni Mama. Ni yeye peke yake ambaye hajayasikia.

Mwanao wa kwanza,
Editha