Mama Mkwe Anazima Pampu ya Maji ya Moto Kila Nikiingia Kuoga

Shangazi Tao mpendwa, nakuandikia nikiwa kitandani, soksi miguuni na kitambaa kichwani, bado nimo ndani ya mwezi wangu wa kukaa ndani baada ya uzazi na moyo hautulii hata kidogo, tafadhali niokoe kabla sijatamka neno ambalo sitaweza kulirudisha.

Nimejifungua binti, Guoguo, na mume wangu Zhenyu, kwa kuwa mzazi hapaswi kugusa maji baridi, na kwa kuwa hita yetu ya gesi iko kwenye roshani ya jikoni wakati bafu liko upande wa pili wa nyumba, hadi maji ya moto yafike vidole vimeshakufa ganzi, akanunua pampu ndogo akaifunga kwenye hita, na chini ya sinki la bafuni akaweka vali ya kuunganisha bomba la moto na la baridi, ili maji yaliyopoa njiani yasimwagwe bali yarudi kwenye hita kupitia bomba la baridi yakapashwe tena, na kweli mwanzoni nilikuwa nikifungua tu, maji ya moto hayo hapo, nikalia kwa furaha.

Kisha mama mkwe akaja kutoka kijijini kunilea, na ndiye anayenipikia supu ya miguu ya nguruwe, ndiye aliyeziba nyufa zote za dirisha la chumbani kwa taulo ili upepo usinipate, lakini nikiingia bafuni tu namsikia anakwenda roshani na pampu inanyamaza, nafungua bomba, barafu! Tena dirisha la bafuni analiacha wazi kwa makusudi, katika baridi hii ya Nanchang, halafu anasimama mlangoni.

“Suqin! Unanisikia?”

“Nakusikia, Mama.”

“Wali nipike mwingi au kidogo?”

“Wowote tu, Mama.”

“Aa, jibu vizuri wewe! Mwingi au kidogo?”

Nilimuuliza kwa adabu kwa nini anachomoa pampu, akanijibu, “Hita inawaka yenyewe, hakuna aliyefungua maji, na bomba la baridi linatoa uvuguvugu. Hilo dude limeharibika,” akaondoka zake. Zhenyu anasema mamake ni bahili wa gesi tu. Mama yangu mzazi ndiye aliyenimaliza kabisa kwenye simu: “Zinduka, mwanangu! Umemzalia msichana, ndiyo hasira zake hizo. Jumamosi nikifika nimkute ameshafunga mizigo.” Nami nimeanza kuamini, Shangazi, nanyonyesha huku namwangalia yule mama anayenipulizia supu ipoe na najiuliza kama ananitakia ugonjwa, yeye ambaye siku ya kwanza kuniona alinishika mashavu akasema nimefanana na marehemu mdogo wake, Lianxiu, aliyefariki akioga wakati wa baridi, wanasema ni moyo, na habari zake hataki aulizwe. Nimwambie aondoke kabla Jumamosi haijafika?

Suqin, Nanchang

Suqin, hongera kwa Guoguo. Sasa acha kwanza kupokea simu za mama yako, maana anakupikia ugomvi kwenye jiko asiloliona.

Pampu yenu ni nzima. Hita ya gesi huwaka inapohisi maji yanapita ndani yake, haijui kama yamefunguliwa na mtu au yamesukumwa na pampu. Na kwa kuwa hamna bomba maalumu la kurudishia, maji yanarudi kupitia la baridi, ndiyo maana linatoa uvuguvugu. Lakini nani alimweleza mama mkwe wako hayo? Zhenyu alifunga vyuma vyake akaenda kazini, akamwachia mamake moto unaojiwasha. Hata mimi ningechomoa!

Wewe nawe una macho ila hutazami. Mtu anayekuzibia nyufa kwa taulo hawezi kukufungulia dirisha la bafuni ili uugue. Amekufungulia kwa sababu kuna kitu anakiogopa kuliko upepo. Na wali haumhusu kabisa, binti yangu. Anataka kusikia sauti yako.

Zamani hita hizi zilifungwa ndani ya bafu lenyewe. Wakati wa baridi watu walifunga madirisha, hewa ya sumu ya moto wa hita, isiyo na harufu, ikajaa, mtu akawa anaoga, akasinzia, basi. Wengi waliozikwa hivyo ilisemekana ni moyo. Sikuwepo alipofariki Lianxiu, kwa hiyo siapi. Ila nikisoma barua yako namwona dada mtu amesimama nje ya mlango, anaita, haitikiwi. Nimeumia, na nimekukasirikia pia, kwa sababu yote haya umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe halafu ukauliza kama umfukuze.

Basi fanya hivi. Leo hii mketishe mama mkwe, mpe chai, mwombe akusimulie habari za mdogo wake, na usimkatize. Zhenyu aache ujuaji, ampeleke roshani amwonyeshe bomba linalotoa moshi nje, na amwite fundi alikague mbele yake. Wekeni kengele ya hewa ya sumu karibu na bafu, na kitufe cha kuijaribu akibonyeze mama mwenyewe. Pampu isikae ikizunguka mchana kutwa. Iwashwe unapokaribia kuoga tu, na anayeiwasha awe yeye. Bomba la baridi liacheni litiririke kidogo kabla ya kutumia, na maji ya kunywa chemsheni kama kawaida. Mama yako Jumamosi aje, ale, ambebe mjukuu, na mizigo ya mwenzake asiiguse.

Na leo ukiingia kuoga usingoje kuulizwa. Mwite wewe kwanza: “Mama, nipo! Pika mwingi!”

Shangazi Tao