Nusu Tiketi

Jumapili, 4 Mei

Hili sijamwambia mtu. Mwezi uliopita, nikitoka kwenye mashindano ya shule, nilisafiri kwa nusu tiketi. Nina miaka kumi na sita! Nusu ni ya watoto wasiozidi kumi na mbili. Karani dirishani aliuliza, "Mtoto?" Ulimi ukagoma. Nikaitikia kwa kichwa. Mkaguzi naye alinikazia macho, nami nikakazia viatu vyangu macho. Akaitoboa tiketi, akapita. Tangu siku hiyo kila mwenye kofia naona ananitafuta mimi.

Sasa nataka nauli ndogo ya halali. Mama huenda kwa Bibi kila Jumamosi, hadi stesheni ya mwisho. Mimi naachwa. "Nauli ya wawili itatoka wapi?" Tangu Baba aondoke tuko wawili tu, na Jumamosi niko mmoja.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata! Nimenakili jedwali la nauli ukutani stesheni. Nauli haipandi kilomita kwa kilomita. Inapanda kwa daraja — ukivuka sitini tu, inaruka! Stesheni ya makutano iko kilomita hamsini na tisa. Toka hapo hadi kwa Bibi, hamsini na saba. Tiketi moja hadi mwisho: 2,400. Ukikata mbili, ya kwanza hadi makutano, ya pili kuanzia makutano: 680 na 680. Treni ileile! Kiti kilekile! Wawili tutalipa 2,720. Mia tatu na ishirini tu zaidi ya anazotoa Mama peke yake.

Nilimwambia akiwa anapiga pasi. Nilidhani atanikumbatia. Alisema treni ya Jumamosi haisimami makutano. Hakunitazama. "Na wewe mwenzangu, vitabu vimeisha?" Pasi ilikaa kwenye kola mpaka ikanuka kuungua.

Jumatano, 7 Mei

Inasimama. Dakika nne. Nimesoma ratiba kwa lugha zote mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Mama amerudi, yuko bafuni. Nimefungua mkoba wake. Ndiyo, nimefungua. Mwizi wa nauli, sasa mpekuzi.

Tiketi ya leo. Mtu mzima, kwenda na kurudi. Hapa hadi makutano. Basi! Hakuna kipande cha pili.

Au aliijua mbinu yangu kitambo? Labda cha pili amekitupa. Lakini nani anatupa kimoja na kutunza kingine?

Mezani akasema, "Bibi anakusalimu sana." Nikasema asante.

Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia Bibi, eti kumjulia hali. Akacheka. "Mjukuu wangu, mwambie mama yako mimi bado ni mzima. Tangu mwaka uanze amekuja mara mbili!"

Jumamosi zote hizo. Nani yuko makutano? Mwanamume? Daktari? Nimejaribu kuhesabu kila jibu na kila jibu linanitoa mimi.

Jumatano, 14 Mei

Mama ameingia chumbani kwangu na futi ya kushonea. Anapimia mapazia, anasema. Mbona alipima sakafu? Kutoka kitandani kwangu hadi ukutani. Akaandika kiganjani, akatoka.

Alhamisi, 15 Mei

Nilitafuta kifungo kwenye kopo la vifungo. Chini kabisa, tiketi mpya, haijatobolewa. Ya keshokutwa.

Nusu tiketi.

Nilidhani amegundua yangu, ameiweka nione aibu. Kisha nikasoma vizuri. Makutano kuja hapa. Mimi siko makutano! Mtoto gani?

Na kuna lingine. Ya kwenda na kurudi inazidi ya kwenda tu kwa themanini. Themanini! Nyumba hii hatujawahi kukata ya kwenda tu, Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Hii ni ya kwenda tu.

Hakuna kurudi.

Nimeirudisha chini ya vifungo. Ningeweza kuichana. Niliishika muda mrefu.

Jumamosi, 17 Mei, saa kumi na nusu

Treni imeingia zamani, nimesikia honi. Nimefagia kati ya kitanda na ukuta. Sijui kwa nini. Nimesogeza sanduku langu. Nikalirudisha. Nikalisogeza tena.

Nimepanga maneno: Mama, kwa nini hukuniambia? Yakifika mdomoni yatageuka "shikamoo", najijua.

Geti.

Viatu vya Mama kwenye korido, nawajua kwa ile soli iliyolegea — hapana, navijua. Na vingine. Vidogo. Hatua mbili kwa kila moja ya Mama.

Anasema taratibu, "Twende, usiogope. Dada yako ni mpole. Haongei sana tu."

Dada yako. Mtoto yeyote ningeitwa dada yake! Lakini sauti ya Mama — ni ile anayoniita nayo mimi, mwanawe.

Wamesimama mlangoni. Hawagongi. Kuna mtu anavuta kamasi, na si Mama.

Naficha daftari chini ya godoro. Upande wangu. Upande wa