Kuku wa Kikorea Siku ya Posa ya Neema

Jumapili, Oktoba 1998. Annandale, huku Marekani. Jua lipo ila halipashi kitu. Nina furaha, na naiandika hapa mwanzoni ili anayesoma ukurasa huu asikae roho juu.

Jana walikuja wazee kumposa mdogo wangu Neema.

Neema anaishi nasi na anafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto. Mchumba wake, Kiprono, ni Mkenya anayesomea uuguzi katika chuo cha hapa jirani. Amelelewa na shangazi yake, Mama Chebet, anayetunza wazee kule Woodbridge. Karo yote ya Kiprono imetoka kwenye zamu za ziada za huyu mama. Kwa hiyo hata wangekuja wazee kumi, neno lilikuwa lake peke yake, na alikuwa hajalitoa.

Katikati ya wiki Kiprono alinipigia simu. Katika ukoo wao, aliyeleta posa hali chakula cha upande wa pili mpaka aridhike. Shangazi amelishika hilo kuliko waliobaki nyumbani.

"Kaka Festo, usipike," akasema. "Akiona sufuria atafikiri mnamharakisha."

Kwetu Singida, mgeni akikaa mdomo mtupu ni aibu ya mwenye nyumba. Na mwenye nyumba ni mimi. Mke wangu, Rehema, alikuwa na zamu hospitalini Jumamosi nzima. Neema, kwa kuwa ndiye anayeposwa, alitakiwa akae chumbani mpaka aitwe. Nilibaki mimi na jiko.

Rehema ndiye aliyepata njia. Alisema Wamarekani wana vitu vya kuliwa kabla ya chakula, na vyenyewe havihesabiwi kuwa chakula. Kama havihesabiwi, shangazi atakula bila kuvunja desturi. Hoja hiyo ilikuwa na matundu, lakini sikuwa na nyingine.

Nikagonga mlango unaotazamana na wetu. Bi. Han, jirani yetu Mkorea, huwapa wageni wake kuku wa vipande vidogo aliyefungwa kwenye jani la saladi pamoja na mboga mbichi. Tonge moja, mara moja. Kiingereza chake na changu vilikutana katikati. Alinionyesha ukubwa wa kipande kwa pingili ya kidole gumba, akanipa na kibakuli cha pilipili yao nyekundu, nzito kama uji.

Alhamisi nilijaribu na nikaunguza. Nilikaanga kwa moto mkali kama ninavyokaanga kuku siku zote, na mchuzi wa kulowekea una sukari. Nje ukawa mkaa, ndani mbichi. King'ora cha moshi kikalia mpaka Neema akapanda kwenye kiti kukinyamazisha kwa ufagio.

"Kaka, unataka niolewe au nizikwe?"

Ijumaa nilianza upya. Mapaja ya kuku, nikatoa mifupa na ngozi. Sosi ya soya, sukari kidogo, vitunguu saumu, tangawizi, mafuta ya ufuta, ile pilipili, na tunda moja la pea lililokunwa, ambalo Bi. Han alisema linalainisha nyama. Nikakoroga kwa mkono, nikafunika, nikaweka kwenye friji. Karoti, tango na figili nikakata vijiti vyembamba, nikavinyunyizia siki na chumvi. Sijui kama ni umri, lakini nilifurahia kukata figili kuliko nilivyofurahia taarifa yoyote niliyoandika kazini mwaka huu.

Jana mchana nikakaanga kwa moto mdogo, kidogo kidogo. Kuku akang'aa. Nikanyunyiza ufuta. Wageni wakabisha hodi wakati nyumba nzima inanukia.

Walikuwa watatu: Kiprono, ndani ya suti iliyombana mabega, Mzee Barasa, shemasi wa kanisa lao, ndiye msemaji, na Mama Chebet. Nikaweka sinia mezani: kuku, majani ya saladi, mboga, na wali kidogo pembeni. Mama Chebet akalitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeruka foleni.

"Mimi sijakuja kukula. Nimekuja kuongea."

"Si chakula, mama. Ni vitafunwa tu."

"Hiyo ni kuku?"

"Ni kuku."

"Na hapo ni mchele?"

"Wali, kidogo sana."

"Sasa imekosa nini ndiyo isiwe chakula?"

Mzee Barasa akakohoa. "Labda imekosa mfupa," akasema. Hakuna aliyecheka. Sinia likabaki palepale.

Kwa kazi yangu ya kuandika taarifa za mikutano, nimekaa katika vyumba vingi nikisubiri watu wakubaliane. Sikuwahi kuwa upande wa meza unaosubiri jibu.

Msemaji akasema yake, nami nikajibu yangu. Tulipomaliza adabu, Mama Chebet akaweka mkoba chini na kusema jambo lililomleta. Aliogopa kwamba kijana akioa ataacha shule. Amewaona wengi: mke, kodi ya nyumba, mtoto, kazi mbili, na vitabu vinaingia chini ya kitanda. Hakumlaumu Neema. Alisema tu kwamba mgongo wake hauna tena nguvu ya kuanza upya.

Ningemwahidi kwa niaba ya nani? Nikamwita Neema.

Akatoka, akapiga magoti kumwamkia, akabaki hapo hapo chini.

"Shangazi, amebakiza mihula miwili. Harusi ni baada ya mtihani wa mwisho. Akifeli, tunasubiri arudie."

Kiprono akageuka. "Aki Neema, hiyo hukuniambia!"

"Si ndiyo nakuambia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya mashahidi," akasema Mzee Barasa, na safari hii tulicheka, wote isipokuwa Mama Chebet. Yeye alimtazama Neema kama anayempima.

Kisha akavua saa, akakunja mikono ya blauzi.

"Maji ya kunawa iko wapi?"

Chumba kizima kilielewa. Kiprono alifumba macho. Neema aliinuka akaleta jagi na bakuli, akamnawisha mwenyewe, na maji mengine yakaenda kwenye zulia.

Mama Chebet hakufunga jani kama alivyofundisha Bi. Han. Alilibonyeza kiganjani kama ugali, akachota kuku na figili, akatia mdomoni. Tukasubiri. Akachukua la pili. La tatu akampa Neema kwa mkono wake.

"Kuku yenu ni tamu," akaniambia. "Mnaikata kama ya wagonjwa, lakini ni tamu."

Sinia likaisha. Akajifuta, akaegemea kiti.

"Haya. Tumeelewana. Chakula iko wapi?"

Hakikuwepo. Niliandaa kitu cha kuliwa kabla ya chakula, na chakula chenyewe sikukipika, kwa sababu hakuna aliyeniambia nitegemee kukubaliwa.

Nikasema ukweli. Mama Chebet alicheka mpaka akashika mbavu, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa sherehe. Akaingia jikoni kwangu bila kukaribishwa, akaukuta unga, akainua sufuria yangu kubwa kuliko zote, akaigeuza.

"Hii ni ya kuchemsha yai."

Aliusonga ugali mara mbili, Neema pembeni akikaanga kuku aliyebaki kwenye friji. Rehema aliporudi kutoka kazini, na viatu vyeupe bado miguuni, aliwakuta wawili hao wakibishana kuhusu chumvi kama watu wanaofahamiana tangu zamani. Akaniuliza kwa macho. Nikampa sahani.

Mihula miwili. Naamini Kiprono atafaulu. Nilimwona leo asubuhi kanisani na kitabu kwapani.

Kesho nikitoka kazini nitapitia dukani kununua sufuria ya watu wengi.