Yule Mbuzi Usimchinje

Bombolulu, Jumamosi

Shangazi Kadzo,

Shikamoo. Mihogo imefika salama, na mvua imetupunguzia vumbi.

Yule mbuzi wa sherehe yangu usimchinje. Miaka minne nimekuwa kaimu mkuu wa idara ya upasuaji chuoni, na jana cheo amepewa Changawa, mwanamume niliyemfundisha mimi kushika kisu. Kwenye usaili niliulizwa watoto nitamwachia nani. Yeye ana watano, hakuulizwa.

Jumatatu anakaribishwa rasmi. Mimi nimepewa kazi ya kupanga chai, nikakubali kwa simu, binti yangu Cindy akisikia. Lile koti langu jeupe ambalo hulivaa kila siku akicheza udaktari, amelivua, akalikunja, akanirudishia.

Mwana wa kakako,
Kahaso